Kata ya kuchotea, kikombe cha kunywea



Ijumaa iliyopita nilikuwa Kilwa Kivinje, kwetu nilikozaliwa, kwa ajili ya arobaini ya jamaa yangu mmoja. Kabla ya kwenda shughulini nilipita sokoni, upande wa samaki, ninunue changu wawili wa kupeleka nyumbani. Muuza samaki akafunua ndoo ya plastiki ili anitolee waliokuwa chini, kwenye barafu. Nikaitazama ile ndoo. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu iliyokwisha kufifia: NAWA MIKONO. Na chini, mahali palipokuwa na koki, tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kandambili.

Nikamwuliza, "Mjomba, ndoo hii si ndiyo iliyokuwa pale mlangoni?"

Akacheka. "Ndiyo yenyewe, dada. Sasa ugonjwa si umekwisha? Ndoo ikae bure?"

Jibu lile halikuwa jibu la mjinga. Ndoo ni mali, na mtu wa pwani hatupi kitu kinachofaa. Lakini nilirudi Lindi nikiwa na swali ambalo limenikalia kichwani juma zima, na leo naomba tulitazame pamoja. Swali lenyewe ni hili: Sisi watu tunaoishi kwa kuchangia, tunaokula sinia moja, tunaokunywa kahawa ya vikombe vya mtu mmoja, tunaopanga vyumba sita kwa choo kimoja, janga lile lilitufundisha nini? Au lilipita kama mvua ya vuli, tukakunja miavuli, basi?

Hebu tukumbushane. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 mwezi huo huo akatangazwa mgonjwa wa kwanza hapa nchini, msafiri aliyefika kutoka Ubelgiji. Kesho yake aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, Ndugu Kassim Majaliwa, mwenzetu wa Ruangwa, akatangaza kufungwa kwa shule. Watoto wakarudi majumbani mpaka mwisho wa mwezi Juni.

Katika siku zile mambo yalibadilika kwa kasi ambayo sikuitarajia. Watu ambao tangu utoto wao hawakuwahi kupita mtu bila kumpa mkono, walianza kusalimiana kwa viwiko na kwa miguu. Ndoo za maji zenye koki zilitokea kila mahali: mlangoni pa duka, pa ofisi ya kijiji, pa msikiti, pa kanisa. Daladala zikapakia abiria wa kukaa tu, tukaita level siti, na kwa mara ya kwanza nilisafiri bila kiwiko cha mwenzangu ubavuni. Shughuli zikapungua watu. Wengine walijifukiza, wengine walikamua malimau na tangawizi, kila mtu na dawa yake.

Kisha zile desturi mpya zikaondoka kwa kasi ile ile zilivyokuja. Mwezi Mei 2020, hesabu ilipofika wagonjwa 509 na waliofariki 21, takwimu ziliacha kutangazwa, wala hazikurudi mpaka katikati ya mwaka 2021. Pasipo hesabu, watu walijihesabia wenyewe kuwa mambo yamekwisha. Mikono ikarudi, masinia yakarudi, level siti ikasahauliwa, na koki zikaanza kung'oka ndoo moja baada ya nyingine.

Ndugu msikilizaji, mimi sikuja hapa kuwalaumu wengine. Nimekuja na lawama yangu mwenyewe, na nitaieleza.

Wakati ule nilikuwa napanga chumba hapa Lindi mjini, mtaa wa Mikumbi. Nyumba ilikuwa ya kwetu ya Kiswahili, kama mnavyozijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, choo kimoja, bafu moja na bomba moja. Mita ya umeme ilikuwa moja, tukichangia kila mwezi kwa ugomvi wa kawaida. Tulikuwa watu 19. Nilikuwa nikisoma redioni maelekezo ya wataalamu kwamba mgonjwa ajitenge katika chumba chake, atumie choo chake, ale peke yake. Nikitoka kazini nikifika nyumbani, mama mmoja jirani yangu ananiuliza, "Mwandishi, hivyo vyumba mnavyovisema redioni viko mtaa gani?" Alikuwa akiishi chumba kimoja na watoto wanne. Sikuwa na jibu.

Katika chumba cha mbele alikaa mzee mmoja, mstaafu, mjane. Mzee huyo alikuwa rafiki yangu. Kila jioni alikaa barazani na redio yake ndogo na chupa ya kahawa, na kila jioni nilipopita alinisimamisha. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, nieleze ambayo hamkuyasema hewani." Alikuwa na kikombe kimoja tu. Anakunywa, anakisuuza kwa maji kidogo, ananijazia. Ndivyo tulivyozoea kwa miaka miwili.

Mwezi Februari 2021 nilirudi kazini siku moja nikiwa na homa na kikohozi chepesi. Wiki zile watu wengi walikuwa wakikohoa, misiba ilikuwa mingi, na katika taarifa zetu tulikuwa tukisema "changamoto ya upumuaji". Nilijua kinachosemwa na nilijua kisichosemwa. Mzee akaniita kama kawaida. Akanijazia kikombe. Nami, ndugu zangu, nilikaa, nikanywa, nikazungumza naye karibu saa nzima, uso kwa uso.

Kwa nini sikukataa? Si kwa sababu sikujua. Nilijua kuliko wengi, maana kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wengine. Sikukataa kwa sababu ya adabu. Mzee anapokupa kikombe chake, kukikataa ni kumwambia kwamba unamwona mchafu. Huko kwetu tumelelewa hivyo. Na kusema "Babu, leo naumwa, nikae mbali" kulikuwa kama kujitangazia jambo ambalo siku zile hakuna aliyetaka kulitaja.

Kesho yake sikuweza kuamka. Nililala siku 11. Na hapa ndipo nilipojua maana ya nyumba ya vyumba sita. Mama yule wa watoto wanne alinipikia uji asubuhi na jioni. Aliuweka juu ya kigoda mlangoni, akagonga, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasubiri mpaka aone nimeuchukua. Kijana wa chumba cha pili alinijazia ndoo ya maji. Wakanitengea kopo langu la chooni, wakapanga kuwa nikitoka mimi, mwenye zamu anamwaga maji ya dawa kabla mwingine hajaingia. Hakuna aliyetumwa na serikali wala na mwenye nyumba. Walikaa uani jioni moja wakapanga, wakagawana siku.

Mimi nilipona. Mzee alianza kukohoa siku ya nne ya ugonjwa wangu. Alifariki mwanzoni mwa mwezi Machi.

Sijui kama ni mimi niliyempelekea. Sikupimwa, naye hakupimwa. Alikwenda msikitini, alikwenda sokoni, alipokea wageni wengine. Huenda ni mimi, huenda si mimi. Nitaishi na "huenda" hiyo, na nimeisema leo hadharani kwa sababu nadhani sipo peke yangu. Wako wengi miongoni mwenu wenye "huenda" ya namna hiyo moyoni, na kunyamaza hakujatusaidia.

Sasa wapo walioyaona hayo wakafikia uamuzi mmoja: dawa ni kila mtu na chake. Jirani yetu mmoja aliyekuwa na uwezo alihama mwaka ule ule, akapata chumba chenye choo na bafu ndani, geti na ukuta. Hata mimi baadaye nilihama, sitawaficha. Mkizunguka Lindi, Masoko au Nangurukuru mtaona nyumba mpya zinazojengwa aghalabu hazina baraza. Zina ukuta. Mtu anaona kuwa jirani ni hatari, basi amweke nje.

Namwelewa anayefikiri hivyo. Lakini nadhani amechukua nusu ya somo akaacha nusu. Kikombe kimoja kilikuwa hatari kwa mzee, ni kweli. Lakini uji uliowekwa mlangoni pangu ulitoka kwenye kuishi pamoja huko huko. Ningekuwa peke yangu nyuma ya geti, ni nani angejua siku ya pili kwamba sijaamka? Tukiubomoa ushirika wote kwa sababu ya kikombe, tutakuwa tumechoma nyumba kwa kumfukuza panya.

Wasikilizaji, sisi wa pwani hii si wageni wa majanga. Mwezi Februari 1859 Mwingereza Richard Burton, akiwa na mwenzake Speke, alifika Kilwa kwa jahazi akakuta kipindupindu kimeshika mji. Ameandika kwamba watu walikufa kwa wingi hata kuzika kukashindikana, maiti zikawa zimelala ufukweni. Kivinje wakati huo ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya watumwa, misafara ikiingia kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Waliobanwa mabandani wakingojea kupakiwa majahazini hawakuwa na hiari ya kuchagua walale ubavuni mwa nani wala wanywe maji ya kisima gani. Tuliweke hilo akilini: kuchangia kwa hiari ni ujirani, kuchangia kwa kulazimishwa ni dhuluma, na ugonjwa siku zote huwapata kwanza wale waliolazimishwa.

Kipindupindu kilirudi tena pwani hii miaka kumi hivi baadaye. Daktari mmoja aliyekuwa Zanzibar, James Christie, aliandika kitabu kizima mwaka 1876 akieleza namna ugonjwa ule ulivyofuata njia za misafara na majahazi. Yaani ulipita pale pale zilipopita biashara, salamu na undugu wetu.

Miaka mitano kabla ya Burton kufika Kilwa, kule London palikuwa na ugonjwa huo huo. Mwezi Agosti na Septemba 1854 watu wa mtaa mmoja walikufa kwa mamia katika siku chache. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akauliza kila familia inachota wapi maji, akagundua kwamba wengi walichota katika pampu moja ya mtaani, Broad Street. Akawashawishi viongozi wa mtaa wakaung'oa mpini wa pampu ile.

Kisa hicho hupendwa kusimuliwa, na aghalabu huishia hapo, mpini ulipong'olewa. Mimi napenda tuulize kilichofuata. Je, watu wa London waliambiwa kila mtu achimbe kisima chake? La hasha. Katika miaka iliyofuata walijenga mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya mji mzima, wakaweka mabomba ya maji safi, na wakaweka watu wa kuyalinda na kuyapima. Walichangia zaidi kuliko mwanzo. Mwanzo walichangia pampu watu wa mtaa mmoja. Baadaye walichangia maji watu wa mji mzima. Tofauti ni kwamba sasa kile cha wote kilikuwa na mwenye kukiangalia.

Na sisi je? Homa ya mafua makali ya mwaka 1918 ilitukuta kusini tumechoka. Vita vya Wazungu vilikuwa vimepita juu yetu. Mapigano ya Mahiwa, hapa Lindi, yalikuwa ya mwezi Oktoba 1917. Wapagazi walikuwa wameswagwa huku na huko, vyakula vimechukuliwa. Wanahistoria wamekadiria kuwa homa ile iliua watu kati ya 50,000 na 80,000 katika nchi hii. Hakuna mnara wao. Hata masimulizi yamebaki machache.

Mimi mwenyewe nakumbuka mwaka 1997. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mvua za El Niño zilikata barabara ya kusini, na kipindupindu kikaenea nchini. Mwaka ule peke yake waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 40,000 na waliofariki zaidi ya 2,200. Kwetu Kivinje tulikuwa na mtungi wa maji ukumbini na kata moja ya kifuu juu ya kifuniko. Kila aliyeingia, mwenyeji au mgeni, alichota akanywa kwa kata ile ile, akairudisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya nyumba: mgeni hakuomba maji.

Habari za ugonjwa zilipofika, watu wengine waliingiza mitungi yao vyumbani wakafunga milango. Mama yangu hakufanya hivyo. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akajaza mtungi, akauacha pale pale ukumbini. Akaweka kata mpya yenye mpini mrefu. Kando yake akapanga vikombe vya bati kwenye sinia. Akatuita watoto wote, akasema: "Kuanzia leo hii ni kata ya kuchotea. Si kata ya kunywea. Unachota, unamimina kwenye kikombe, unakunywa, kikombe unakiosha kwa maji ya moto, unakirudisha. Atakayetia kata mdomoni nitamchapa, na akiwa mgeni nitamwambia kwa adabu." Na kweli aliwaambia, hata shehe mmoja mkubwa alimwambia, naye shehe akacheka akamwombea dua.

Ndugu msikilizaji, nimesoma kozi ya uandishi wa habari, nimehudhuria semina za afya zisizo na idadi, na sijapata kusikia somo lililo wazi kuliko lile. Mtungi ulibaki wa wote. Mdomo ndio uliopewa kikombe chake. Na juu ya yote alikuwapo mtu mmoja, mama, aliyesimama kuhakikisha.

Naomba mtazame mambo yetu ya leo kwa kipimo hicho cha mtungi.

Tuanze na misikiti yetu. Katika magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mgeni huoneshwa mahali pa kutawadhia, penye kisima, birika na mawe ya kusugulia miguu. Wazee wale walijua kwamba watu wengi wakiingia mahali pamoja, lazima pawe na mahali pa kujisafisha kwanza. Misikiti mingi ya pwani iliendelea na birika la kuchota kwa kata, na baadaye mingi imeweka mabomba yanayotiririka. Swala ya jamaa haikuvunjwa. Safu zimebaki safu. Kilichobadilika ni namna ya kufikia maji. Hiyo ni kata ya kuchotea.

Tazama muuza kahawa. Ijumaa ile ile, baada ya arobaini, nilimkuta mzee mmoja pale Kivinje akiwa na dele lake juu ya jiko la mkaa. Kwa kawaida muuza kahawa huwa na vikombe sita saba na ndoo moja ya kusuuzia, na ifikapo saa tatu usiku maji ya ndoo ile huwa yamekuwa kahawa ya pili. Huyu alikuwa na vikombe vingi, nilihesabu 18, na sufuria ya maji yanayochemka pembeni ya dele. Kikombe kilichotumika kinaingia ndani ya sufuria, hakirudi mpaka kimetulia humo. Nikamwuliza alianza lini. Akasema, "Mwaka ule wa korona, wateja walikimbia. Nikaona nikibaki na ndoo ile nitakufa njaa. Wamerudi wote, lakini mimi sufuria siiachi." Nikamwuliza gharama. "Mkaa unaongezeka kidogo. Lakini mtu akiona mvuke anaongeza kikombe cha pili." Huyo hakuvunja baraza. Ameiokoa.

Mtaniambia, mwandishi, korona haikai katika vikombe, inapita hewani. Kweli kabisa, na mimi na yule mzee tulivuta hewa moja kwa saa nzima; huenda kikombe hakikuwa na kosa lolote. Basi hewa nayo ni mtungi. Vyumba vyetu vya kupanga vina dirisha moja dogo, na mara nyingi limezibwa kwa kuogopa wezi. Darasa la watoto 80 hufungwa madirisha mvua ikinyesha kidogo tu. Basi la Dar es Salaam huendeshwa saa nane vioo vimefungwa. Hewa tutaichangia tu, hatuna namna nyingine. Lakini dirisha lililo wazi linaigawa hewa, na halihitaji mkopo wa benki. Wazee wetu walijenga ukumbi unaopitisha upepo kutoka barazani mpaka uani, paa la makuti likapumua. Sisi tumeweka bati na kuziba tundu, kisha tunashangaa kikohozi cha mmoja kimekuwa cha nyumba nzima.

Mwezi Julai 2022 tulipata onyo jingine hapa hapa mkoani. Katika wilaya ya Ruangwa watu walipatwa na homa, kichwa kuuma na kutokwa damu puani, na watatu wakafariki. Kwa siku kadhaa kila mtu alimwogopa mwenziwe. Nilipigiwa simu na watu waliotaka kujua kama ni salama kupanda basi na mtu wa Ruangwa. Vipimo vilipotoka, Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya Mgunda, ugonjwa ambao kwa kawaida mtu huupata kwenye maji au mahali palipochafuliwa na mkojo wa wanyama. Tulikuwa tumemwogopa mtu, kumbe tulipaswa kuangalia maji. Nakumbuka nilifikiri: mama yangu asingekosea hapo. Angekwenda kwanza kwenye mtungi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Kosa letu si kuchangia. Kosa letu ni kuchangia kitu kisicho na mwangalizi. Wahenga walisema cha wote si cha mtu, na choo cha vyumba sita ni ushahidi. Kila mmoja anakitumia, kila mmoja anamngoja mwenziwe akisafishe. Ndoo ya sokoni nayo ilikufa hivyo hivyo. Wakati wa korona alikuwapo mtu wa kuijaza kila asubuhi. Siku aliyoacha, hakuna aliyeuliza. Koki iling'oka, na ndoo isiyo na koki ni ndoo ya samaki.

Nina mambo matatu ninayoomba, na hayana ukubwa.

La kwanza ni kwa wenye nyumba za kupangisha. Unapokea kodi ya vyumba sita. Hesabu watu, usihesabu vyumba. Choo kimoja kwa watu 19 si uchumi. Ongeza cha pili, weka madirisha yanayofunguka yenye nondo, na weka sharti la zamu ya usafi katika makubaliano kama unavyoweka sharti la kodi ya miezi sita. Wapangaji wenyewe hawataki ubaya. Nimeeleza jinsi majirani zangu walivyopanga zamu kwa jioni moja tu. Walichokosa siku zote ni mtu wa kuanzisha.

La pili ni kwa viongozi wetu wa mitaa na halmashauri. Mradi wa maji wa Ng'apa ulichukua miaka mingi, na watu wa Lindi wanajua walivyoyasubiri maji yale. Bomba la mji ni mtungi wa mji mzima. Lakini maji yakifika mjini na yasifike sokoni, stendi na shuleni, tumejaza mtungi tukaficha vikombe. Mahali pa kunawa sokoni pasiwe ndoo ya msimu wa ugonjwa. Pajengwe, na pawe na jina la mtu anayelipwa kupaangalia.

La tatu ni kwa wewe na mimi, na hili ndilo gumu, maana halina fedha ndani yake. Tubadili adabu. Tulifundishwa kwamba adabu ni kukipokea kikombe. Sasa tufundishane kwamba mgonjwa naye ana adabu yake, nayo ni kusema "leo naumwa". Na mwenyeji ana adabu yake, nayo ni kutokasirika. Mtu akikataa mkono wako, akaweka wake kifuani na kusema "nina mafua, ndugu yangu, nakupenda", basi amekupa zaidi ya mkono. Akikataa sinia akaomba sahani, mpeni sahani bila kutazamana. Ningekuwa na ujasiri wa kusema maneno mawili jioni ile barazani, yule mzee angecheka, angenifukuza nikalale, na angeninywea sehemu yangu ya kahawa. Nilimjua. Asingekasirika. Ni mimi niliyeona haya.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Halikusema ugonjwa umekwisha, wala halikusema mwingine hautakuja. Kipindupindu hiki tunachokijua ni cha janga la saba, lililoanza Indonesia mwaka 1961, na mpaka leo halijafungwa. Mvua kubwa ikinyesha, hutubishia hodi.

Ninamaliza. Ijumaa ile, kabla sijaondoka sokoni, nilikwenda dukani nikanunua koki ya plastiki. Bei yake haikufika nusu ya bei ya wale changu wangu wawili. Nikampelekea muuza samaki. Akaigeuzageuza mkononi, akaniambia, "Dada, koki nimeipata. Ndoo nyingine nitaipata. Nani atajaza maji?"

Nikawageukia wauzaji wengine wa safu ile. Walikuwa saba. Nikawaambia, siku za juma ni saba. Wakatazamana. Mama mmoja anayeuza dagaa akasema, "Mimi nipeni Jumatatu, mengine myajue wenyewe." Wa pili akachukua Jumamosi. Nilipoondoka walikuwa wanabishana juu ya Ijumaa, maana Ijumaa watu huwahi msikitini.

Sijui wamefikia wapi. Nitapita tena mwezi ujao, panapo majaliwa, na nikikuta ndoo ina maji nitawaambieni. Nikikuta ina samaki, nitawaambieni vilevile. Wakati huo huo, wewe unayenisikiliza, kaulize nyumbani kwako: mtungi wetu ni upi, na leo ni zamu ya nani?

Kwaherini hadi juma lijalo.